Manju na Umati Wake: Mipaka ya Madai ya Mashabiki kwa Msanii katika Usukuma

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili swali ambalo katika taaluma ya fasihi simulizi halijapewa nafasi linayostahili: hadhira ina haki ya kudai nini kwa fanani, na dai hilo hukoma wapi? Siku hizi swali hili huulizwa zaidi kuhusu wasanii wa filamu na wa muziki wa kizazi kipya. Wasanii hao hulalamika kuwa mashabiki huwafuata hadi majumbani, huwaomba fedha za matibabu na karo, hutaka kila ujumbe ujibiwe, na huwatukana wanapooa au kuachana na wenzi wao kinyume cha matakwa ya mashabiki. Kwa sababu malalamiko haya husikika pamoja na habari za simu za mkononi na mitandao, ni rahisi kudhani kuwa tatizo lenyewe ni geni.

Hoja yetu ni tofauti. Shabiki mwenye madai makubwa si kiumbe kipya. Katika Usukuma, kusini mwa Ziwa Viktoria, umati umekuwa na mamlaka makubwa juu ya msanii tangu karne ya 19, pengine kuliko mamlaka aliyonayo shabiki wa leo. Kilichobadilika ni mipaka iliyoyazunguka madai hayo. Wanafunzi wetu wamezoea kuutazama utendaji wa fasihi simulizi kama mwingiliano wa fanani, hadhira, fani, tukio, mahali na wakati. Katika orodha hiyo, mahali na wakati hutajwa kama mandhari tu, mambo ya kujaza maelezo. Tutajaribu kuonesha kuwa viwili hivi ndivyo vilivyokuwa ua wa msanii: vilimwambia shabiki pa kudai, na vilimwambia pia pa kunyamaza.

2.0 Istilahi

Kabla ya kuendelea, inafaa kuyatazama maneno yenyewe. Kiswahili kina neno manju, kwa maana ya mtu hodari wa kutunga na kuongoza nyimbo za ngoma. Wasukuma humwita mtu huyo ningi, na kwa wingi baningi. Istilahi zote mbili humtambulisha mtu kwa kazi yake. Manju ni manju kwa sababu anatunga na kuimbisha. Nje ya hapo ni mkulima, baba au jirani kama wengine. Neno staa, tulilolipata kutoka Kiingereza, halina mpaka huo. Staa ni staa sokoni, hospitalini na msibani. Linataja hali ya mtu, wala si kazi yake.

Kwa upande wa hadhira tuna mfuasi, shabiki na mpenzi. Mfuasi hudokeza kundi lenye kiongozi na taratibu. Shabiki hudokeza hamasa, na kitenzi shabikia mara nyingi hubeba lawama ya kupenda bila kupima. Neno linalostahili kuangaliwa zaidi ni mpenzi. Kwa miaka mingi watangazaji wa redio wamewasalimu watu kwa kusema "wapenzi wasikilizaji", nasi husema "wapenzi wa muziki" bila kuona ajabu. Neno hilohilo ndilo tunalolitumia kwa mchumba. Hatusemi kuwa lugha ndiyo iliyomfanya shabiki adai kama mchumba. Lakini lugha haikumwekea kizuizi chochote, na msanii anayewaita watu elfu kumi wapenzi wake hana budi kutarajia kuwa baadhi yao watalichukua neno hilo kwa uzito wake wote.

3.0 Umati kama hakimu

Ngoma za ushindani za Wasukuma zimegawanyika katika vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu. Mapokeo huvihusisha na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha Misinzo, walioshindana kwa ufundi wa ngoma na kwa nguvu za dawa. Kikundi cha upande mmoja na kikundi cha upande wa pili hutokea katika uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na kila kimoja hucheza na kuimba kwa nguvu zake zote. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Mtazamaji hutoa hukumu kwa miguu yake: akichoka na upande huu, huvuka kwenda upande ule, na kila mtu humwona akivuka.

Utaratibu huu bado unaonekana katika sherehe za Bulabo, zinazofanyika kila mwaka mwezi Juni au karibu yake, kufuatia sikukuu ya Kikristo ya Ekaristi Takatifu. Bujora, iliyoko Kisesa nje kidogo ya jiji la Mwanza, ni maarufu kwa sherehe hizo; ni kituo kilichoanzishwa katika miaka ya 1950 na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, na ndipo penye makumbusho ya Wasukuma.

Ni wazi kuwa hadhira ya namna hii si hadhira ya kupiga makofi tu. Huweza kumwaibisha manju kwa kumwacha peke yake mbele ya mpinzani wake. Ndiyo maana vikundi vimebuni vivutio vya kila aina, wakiwamo wachezaji wa nyoka, vinyago na michezo ya kuchekesha, na ndiyo maana dawa za mvuto zimekuwa na nafasi kubwa katika maandalizi. Wanaopuuza shinikizo la mashabiki wa zamani wangefikiri upya kama wangezingatia kuwa msanii huyu alihitaji kinga ya mganga kabla ya kusimama mbele ya watu.

4.0 Mipaka mitatu

Pamoja na ukali huo, madai ya umati yalikuwa na mipaka. Tunaweza kutaja mitatu.

Mpaka wa kwanza ni mahali. Dai la hadhira lilikuwa na uwanja wake. Ndani ya uwanja manju aliweza kudhihakiwa, kujibiwa kwa wimbo wa matusi na mpinzani wake, au kukimbiwa. Kama ilivyo katika utani, maneno ambayo mahali pengine yangeleta ugomvi yalipokewa kwa sababu ya mahali yaliposemewa. Uwanja ulipofungwa, ruhusa hiyo ilifungwa nao.

Mpaka wa pili ni wakati. Msimu mkuu wa mashindano huja baada ya mavuno, kuanzia Juni na miezi inayofuata, wakati ghala zina nafaka na watu wana nafasi. Mvua zikianza, kila mtu hurudi shambani. Manju alikuwa na miezi ambayo umaarufu wake ulilala. Msimu, basi, ulikuwa zaidi ya kalenda ya kilimo: ulikuwa mapumziko ya msanii kutokana na watu wake.

Mpaka wa tatu ni chama. Mfuasi wa Bagika au Bagalu hakuwa mtu asiyejulikana. Aliingia katika chama chenye viongozi, masharti na wajibu. Zaidi ya hayo, uhusiano wa ngoma ulifungamana na uhusiano wa kazi. Bugobogobo, ngoma ya majembe inayojulikana nchini kote, inatokana na vikundi vya kulima kwa pamoja, na Gunderson (2010) ameonesha kwa kina jinsi nyimbo za kazi za Wasukuma zilivyohusiana na vikundi hivyo. Aliyemdai manju wimbo aliweza naye kudaiwa jembe. Dai lilikuwa na njia mbili, na mwenye kudai alikuwa na jina, ukoo na sifa ya kupoteza.

5.0 Tunzo na deni

Inafaa hapa kuitazama desturi moja inayovuka mipaka ya Usukuma, nayo ni kutunza, yaani kumpa mwimbaji fedha anapoimba. Askew (2002), akichunguza taarabu ya Tanga, ameeleza jinsi mtazamaji anavyoinuka kwenda kutunza hasa pale ubeti unapogusa ugomvi wake na mtu aliyemo ukumbini. Fedha hiyo ni shukrani, lakini pia ni kauli: mtoaji ameuchukua wimbo na kuufanya wake. Huko Kinshasa jambo hili limekwenda mbali zaidi, kwani mashabiki wenye uwezo hulipa ili majina yao yatajwe ndani ya nyimbo, desturi iitwayo libanga.

Tunachojifunza ni kuwa tunzo huzaa deni, lakini deni la tunzo hulipwa palepale. Mtoaji huonekana, jina lake husikika, wimbo huendelea, na hesabu imefungwa. Tatizo huanza pale shabiki anapotoa kitu kisicholipika kwa tendo moja: miaka ya kusikiliza, kura za mashindano, vifurushi vya intaneti, kumtetea msanii dhidi ya mashabiki wa mpinzani wake. Huyu naye anahisi ametunza. Lakini hakuna aliyemwona akiinuka, wala hakuna aliyetaja jina lake. Deni lake halina siku ya kulipwa, na deni la namna hiyo hugeuka manung'uniko kwa wepesi.

6.0 Mipaka inapoondoka

Redio ndiyo iliyoanza kuitenga sauti na uwanja. Mwanza yenyewe ilipata kituo kikubwa, Radio Free Africa, katika miaka ya 1990, wakati ambapo muziki wa kizazi kipya ulikuwa unachipuka. Wasomi wa Marekani Horton na Wohl walikwisha kuieleza hali hii mwaka 1956: mtazamaji wa televisheni hujenga urafiki na mtangazaji ambaye hamjui, naye huuhisi urafiki huo kuwa wa kweli ingawa ni wa upande mmoja tu. Mitandao ya kijamii imeongeza jambo ambalo wasomi hao hawakuliona: shabiki sasa anaweza kujibiwa. Mara chache hujibiwa, na jibu hilo moja hutosha kumfanya aone kimya cha siku nyingine zote kuwa ni dharau.

Mfano unaoonesha hali hii kwa uchungu ni msiba wa Steven Kanumba, mwigizaji wa filamu aliyezaliwa Shinyanga, katika Usukuma uleule, mwaka 1984, na kufariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012. Maelfu ya watu walifurika katika viwanja vya Leaders Club kumuaga, na baadhi yao walizimia katika msongamano. Wengi hawakuwahi kuonana naye ana kwa ana. Si haki kuwabeza watu hao. Huzuni yao ilikuwa ya kweli, na kumlilia msanii ni heshima. Lakini msiba katika jamii zetu una daraja zake: wafiwa, ndugu, watani, majirani, waombolezaji. Umati ule haukuwa na daraja lililoandaliwa. Kwa hisia zao walikuwa wafiwa. Kwa familia walikuwa wageni. Hapo ndipo tunapoona kuwa ukaribu wa upande mmoja unapokutana na ukaribu wa damu, desturi haina neno la kuvitenganisha.

7.0 Pingamizi

Hoja yetu inaweza kupingwa kwa namna mbili. Kwanza, huenda tukaambiwa kuwa tunaipamba kale. Pingamizi hili lina uzito. Chama kilichomkinga manju kilimmiliki pia. Kuhama upande halikuwa jambo dogo, na hofu ya dawa za wapinzani haikujua msimu. Aidha, mwenye madai hakuwa umati peke yake. Utafiti wa Songoyi (1988) kuhusu waimbaji wawili, Kalikali na Mwinamila, unatukumbusha kuwa dola nayo ni hadhira, tena hadhira inayotaka kuimbiwa kwa namna yake. Hatudai, kwa hiyo, kuwa manju alikuwa huru. Tunadai kuwa alijua nani anamdai, wapi, na hadi lini.

Pili, itasemwa kuwa staa wa leo ameubomoa ua wake mwenyewe. Huuza picha za harusi yake, humtangaza mwanawe tangu siku ya kuzaliwa, na hufanya ugomvi wa nyumbani kuwa tangazo la wimbo mpya. Ni kweli. Lakini kumkaribisha mgeni sebuleni si kumkabidhi funguo za chumbani. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inatambua haki ya kila mtu kuhifadhiwa nafsi yake, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake, wala haimtoi mtu maarufu. Msanii anayefanya faragha yake kuwa bidhaa anaweza kulaumiwa kwa busara ndogo. Hawezi kuhesabiwa kuwa ameiuza yote.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonesha kuwa madai ya mashabiki ni ya kale, na kwamba mahali, wakati na chama ndivyo vilivyoyafanya yavumilike. Kutokana na hayo twapendekeza mambo mawili. Kwa watafiti na wanafunzi wa shahada za juu, mahali na wakati visitazamwe tena kama mandhari ya utendaji. Viulizwe vinaruhusu nini na vinakataza nini, na fani mpya zichunguzwe kwa kuuliza ni kitu gani kimechukua nafasi yao. Kwa wasanii na wanaowaongoza, somo la Bagika na Bagalu si kuwakimbia mashabiki. Ni kuwajengea uwanja: siku maalumu za kuonana nao, vyama vya mashabiki vyenye viongozi wanaojulikana, na vipindi vya kimya vilivyotangazwa mapema, kama msimu wa kilimo.

Umati una haki ya kumdai manju wimbo mzuri, na ukiukosa una haki ya kuvuka uwanja kwenda kwa mpinzani wake. Hilo ni dai zito, na linatosha. Mtazamaji wa Bulabo aliyevuka uwanja alitoa hukumu kamili juu ya msanii bila kugusa mlango wa nyumba yake.