Je, Nyanya Alizaa Akiwa na Miaka 52?



Katika nyumba nyingi za Nakuru, Njoro, Molo na Subukia kuna hadithi ya nyanya aliyemzaa kitinda mimba wake uzeeni. Kwa kawaida husimuliwa kwa kicheko, lakini mara nyingine hubeba uzito katika ndoa. Mume humwambia mke wake wa miaka 38, "Tusiharakishe, kwetu wanawake huzaa mpaka miaka 50." Mke mwingine wa miaka 44 hukosa siku zake, akadhani uzazi umekoma, kumbe ana mimba. Na ziko nyumba ambamo hadithi hiyo imefunika jambo lisilosemwa: kitinda mimba hakutoka katika tumbo la nyanya.

Katika somo hili tutaona lililo kweli kuhusu uzazi wa nyanya zetu, namna ya kuuchunguza, na la kufanya mkikuta siri.

Zamani walizaa hadi umri gani?

Ni kweli kwamba nyanya zetu walizaa kwa muda mrefu kuliko sisi. Uchunguzi wa uzazi uliofanywa Kenya mwaka 1977 na 1978 ulionyesha wastani wa watoto 8 hivi kwa kila mwanamke. Ule wa 2022 ulionyesha 3.4. Tupige hesabu. Msichana aliyepata kifungua mimba akiwa na miaka 19, kisha akapumzika miaka 3 kati ya mtoto na mtoto, alimpata wa nane akiwa na miaka 40. Kwa hiyo kitinda mimba wa mama wa miaka 40, 42 au hata 44 hakuwa mwujiza. Mama na binti yake wa kwanza waliweza kunyonyesha wakati mmoja, ingawa katika jamii nyingi jambo hilo lilionekana la aibu.

Lakini mwili wa nyanya haukuwa tofauti na wa mjukuu wake. Uwezo wa kupata mimba hupungua baada ya miaka 35, na hupungua upesi zaidi baada ya 40. Baada ya 45 wanaopata mimba ni wachache, na baada ya 50 ni nadra sana. Basi karatasi zikisema nyanya alizaa akiwa na 52 au 55, tuulize kwanza kabla ya kuamini.

Sababu tatu za hesabu kutokulingana

1. Umri ulikadiriwa. Sheria ya kuandikisha watoto wote wa Kiafrika wanapozaliwa ilienezwa wilaya kwa wilaya kuanzia 1963, ikafika nchi nzima 1971. Wanawake nao walianza kutakiwa kuwa na vitambulisho mwaka 1978. Mama aliyezaliwa miaka ya 1920 alifika mbele ya karani bila cheti chochote, na mwaka wake wa kuzaliwa ukaandikwa kwa kukisia.

Tuchukue mfano. Kitambulisho cha nyanya chasema 1917, na kitinda mimba alizaliwa 1969. Hiyo ni miaka 52. Lakini nyanya alizoea kusema kwamba ardhi ilipotetemeka alikuwa angali akibebwa mgongoni na dada yake. Tetemeko kubwa la Subukia lilitokea Januari 1928. Mtoto wa kubebwa ana miaka 2 au 3, kwa hiyo nyanya alizaliwa karibu 1925. Alimzaa kitinda mimba akiwa na miaka 44 hivi. Hakuna siri hapo. Kalamu ya karani ndiyo iliyokosea.

2. Mtoto alikuwa wa binti. Msichana alipopata mimba kabla ya kuolewa, mama yake mara nyingine alimlea mtoto kama wake wa mwisho ili binti aolewe au aendelee na masomo. Mtoto alikua akimwita mama yake mzazi "dada". Haikufanywa kwa ubaya. Ilikuwa njia ya kuwaokoa watu wawili, binti na mtoto.

3. Desturi ilimhesabu mama mzee kuwa mwenye mtoto. Kwa Wanandi na Wakipsigis, mwanamke aliyezeeka bila mtoto wa kiume aliweza kutoa mahari na kuoa msichana, ili nyumba yake ipate mrithi. Watoto wa msichana huyo walihesabiwa kuwa wa nyumba ya yule mama. Kanisa halilitambui jambo hilo kuwa ndoa, lakini anayefuatilia ukoo asipolijua atachanganyikiwa.

Namna ya kuchunguza

Fanyeni kazi hii pamoja, mume na mke, na kwa subira. Msianze na swali la "Mama halisi ni nani?" Anzeni na maisha ya mzee.

Kwanza, pimeni miaka kwa matukio. Homa kubwa ya 1918, tetemeko na nzige wa 1928, njaa ya 1943, Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, Uhuru wa Desemba 1963. Ulizeni: "Wakati huo ulikuwa umeolewa? Ulikuwa umebeba mtoto yupi?" Majina ya rika za tohara husaidia pia, lakini rika la Wakalenjin, kama Chumo au Sawe, lilichukua miaka mingi, kwa hiyo hukupa makadirio tu.

Pili, andikeni watoto wote kwa mpangilio, pamoja na waliofariki na mimba zilizoharibika. Tazameni mapengo. Watoto wakifuatana kila baada ya miaka 2 au 3 hadi 1956, kisha mmoja akatokea 1968, ulizeni kwa upole. Lakini msihukumu upesi. Wanaume wengi walikuwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, na pengo laweza kutokana na hilo.

Tatu, sikilizeni majina. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa babu wa upande wa baba, wa pili kwa babu wa upande wa mama. Msichana aliyezaa kabla ya kuolewa humpa mwanawe jina la baba yake mwenyewe. Basi kitinda mimba anayeitwa jina lile lile la mwenye nyumba huenda ni mjukuu. Hiyo ni dalili, si ushahidi. Majina ya Wakalenjin kama Kipkoech au Kiprono hueleza saa ya kuzaliwa, hayatoi mwaka.

Nne, nendeni parokiani. Kitabu cha ubatizo huandikwa wazazi, wasimamizi, tarehe ya ubatizo na ya kuzaliwa, na baadaye kipaimara na ndoa. Kumbukeni kwamba Jimbo la Nakuru liliundwa 1968, na kwamba familia nyingi zilizokuwa katika mashamba ya walowezi zilirudishwa Kiambu, Murang'a na Nyeri mwaka 1952 na 1953. Huenda ubatizo unaoutafuta uko huko. Aliyebatizwa mtu mzima, umri wake pia ulikadiriwa. Na vitabu hivi si vya kila mtu kupekua: mwombeni paroko, mkieleza sababu.

Mkikuta siri

Siri hiyo ni ya kwanza ya yule mama aliyezaa na ya yule mtoto aliyezaliwa. Si ya mkutano wa ukoo, wala si silaha ya mke dhidi ya mashemeji. Mke akigundua kwamba "shemeji mdogo" ni mtoto wa wifi yake, amwambie mumewe faraghani, naye mume aende kwa dada yake peke yake. Kipimo cha DNA kisiwe mwanzo wa mazungumzo. Hujibu swali la damu tu, na huacha majeraha mengine yote.

Lakini kunyamaza milele nako kuna hatari. Vijana wanaotaka kuoana wanapaswa kujua kama ni ndugu. Kanisa halifungishi ndoa ya watoto wa ndugu wa damu bila ruhusa maalumu. Na shamba linapogawanywa, mara nyingi ndipo mtu huambiwa kwa ukali, "Wewe si wa hapa." Sheria ya urithi iliyoanza kutumika 1981 humruhusu mjukuu, au mtoto aliyechukuliwa na marehemu kama wake, kuomba fungu lake mahakamani ikiwa alitunzwa naye hadi kifo. Afadhali wazee waseme wangali hai kuliko wakili aseme kaburini.

Kumbukeni Naomi katika kitabu cha Ruthu. Ruthu alijifungua, lakini majirani walimhesabia Naomi mtoto, naye akamlea. Hakuna aliyedanganywa, na mtoto huyo alikuwa babu yake Daudi. Malezi na ukweli vyaweza kukaa nyumba moja.

Na ninyi mnaopanga uzazi, msiweke tumaini katika hesabu ya karani. Mkitamani mtoto, msimngojee "umri wa nyanya". Mama wa miaka 40 na zaidi akikosa siku zake, apimwe upesi, na akiwa na mimba aanze kliniki mapema, kwa maana shinikizo la damu na kisukari cha mimba humpata kwa urahisi zaidi.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Mama zetu na nyanya zetu walizaa wa mwisho wakiwa na umri gani? Tumeujuaje?
2. Ni mzee yupi tunayepaswa kumtembelea mwaka huu, kabla hajatuacha?
3. Kama mtoto tunayemlea si wa kumzaa, atausikia ukweli huo kwetu, au kwa majirani?