SOMO: KAZI, KABILA NA IMANI



Tusome Yakobo 2:1-9. Mtume anakataza upendeleo. Sheria ya nchi yetu nayo inaukataza. Lakini wengi wetu wakifukuzwa kazini kwa uonevu husema "Mungu anajua", wanakaa kimya. Basi tujifunze.

1. Sheria inasema nini? Katiba ya 2006, kifungu cha 36, inakataza mtu kudhulumiwa kazini kwa sababu ya asili yake, mawazo yake, imani yake, ama kwa kuwa mwanamume au mwanamke. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, kifungu cha 62, inaeleza zaidi: kabila, rangi, dini, ndoa, mimba, na kuwa memba wa sendika si sababu za kumfukuza mfanyakazi.

2. Mama mwenye mimba. Sheria inampa mapumziko ya juma 14 kwa ajili ya kuzaa, akilipwa theluthi mbili za mshahara. Mkubwa wa kazi akimwambia, "Baki nyumbani, tumepata mwingine", amevunja sheria.

3. Tufanye nini? Tumwombe Mungu, na barua pia tuiombe. Kifungu cha 61 kinadai anayefukuza mtu aandike barua na kutaja sababu. Tusitie saini karatasi tusiyoielewa. Tutunze mkataba na karatasi za mshahara. Kisha twende kwa Inspekta wa Kazi, aite pande zote mbili zipatane. Tribinali ya Kazi haipokei shauri la mfanyakazi lisilopita kwanza kwake. Tribinali ikiona sababu haifai, yaweza kuamuru mtu arudishwe kazini. Asiporudishwa, alipwe fidia isiyozidi mishahara ya miezi 36.

4. Na sisi tunaoajiri? Wako kati yetu wenye duka, karakana ama shamba. Kuchukua watu wa kabila letu tu, kumkataa mtu kwa kuwa ni wa kanisa lingine, ama kumlipa mama kidogo kuliko baba kwa kazi iliyo sawa, ni upendeleo ule ule. Tusidai kwa wengine haki tunayowanyima watumishi wetu.

Maswali ya kujadili:
a) Je, kila mmoja wetu anajua mkataba wake uko wapi?
b) Nani kati yetu amefukuzwa bila barua? Nani atamsindikiza kwa Inspekta?

Bwana awabariki katika kazi ya mikono yenu.