Mlima wa Luigi: Nani Mvumbuzi?

Hebu fungua atlasi yako utazame mpaka wa Uganda na Kongo, pale penye milima ya Ruwenzori. Utaona Stanley, Speke na Baker. Hao tumewakariri tangu shule ya msingi. Lakini upande wa kusini kuna mlima wa meta 4,627 wenye jina la ajabu: Luigi di Savoia. Siku tuliyolisoma darasani hapa Gesima, kijana mmoja alisema eti hilo ni jina la soseji. Tulicheka mpaka mwalimu akagonga meza.

Kumbe Luigi alikuwa mtu, tena mjukuu wa mfalme wa Italia, na cheo chake Duki wa Abruzzi. Kabla ya kuja kwetu alikuwa ametafuta Ncha ya Kaskazini. Mwaka wa 1899 aliondoka Norway kwa meli iitwayo Stella Polare, akakaa na wenzake majira ya baridi katika kisiwa cha Rudolf, barafu kila upande. Baridi ile ilimla vidole. Sehemu za vidole viwili zikakatwa, ikabidi abaki kambini. Mwenzake Umberto Cagni ndiye aliyesonga mbele kwa vigari visivyo na magurudumu, vikivutwa na mbwa, akafika nyuzi 86 na dakika 34 kaskazini mnamo Aprili 1900. Nchani hawakufika, lakini waliivunja rekodi ya Nansen.

(Kwa wale wa Historia: Rudolf huyo ndiye yule yule ambaye ziwa letu la Turkana lilibandikwa jina lake mwaka wa 1888. Kisiwa kule kwenye barafu, ziwa huku kwenye jua kali, na mwenyewe hakukanyaga kokote! Ziwa likaja kuitwa Turkana mwaka wa 1975.)

Mwaka wa 1906 Duki akaja Ruwenzori. Alipanda kilele kirefu kuliko vyote, meta 5,109, akakiita Margherita kwa heshima ya malkia wa kwao. Ule mlima wa kusini alitaka uitwe Thomson, yule Mskoti aliyepita Umasaini mwaka wa 1883. Lakini Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kikashikilia uitwe kwa jina la Duki mwenyewe. Basi mtu wa barafu akapata mlima karibu na ikweta.

Hapa ndipo tulipobishana na mwalimu. Kitabu kinamwita Duki "mvumbuzi". Kuvumbua ni kufichua kilichofichika. Je, kilifichika kwa nani? Kambi yake kuu ilikuwa chini ya mwamba uitwao Bujongolo, na jina hilo halikuja na meli. Mizigo huko juu ilibebwa na Wakonzo, wenyeji wa milima hiyo. Hata theluji wana neno lao, nzururu, ndiyo maana wakasema Rwenzururu. Usichokijua utakipaje jina?

Mwalimu alijibu kwamba Duki alipima vilele na kuvichorea ramani, kazi ambayo haikuwa imefanywa. Hapo nakubali. Basi tumwite mpimaji, au mpandaji. Na Cagni je? Juu ya bahari ile ya barafu, pasipo kijiji wala njia ya mbuzi, nitamwita mvumbuzi bila kinyongo.

Liko jambo lingine lililonisikitisha. Mwaka wa 1906 Ruwenzori ilikuwa na mito ya barafu 43 yenye majina, kwenye milima sita. Kufikia 2005 ilibaki chini ya nusu, na ni kwenye Stanley, Speke na Baker tu. Mlima wa Luigi, mtu aliyekatwa vidole kwa ajili ya baridi, hauna tena mto wa barafu hata mmoja.

Zoezi: Muulize mzee wa kwenu ni nani aliyekipa jina kilima kilicho karibu nanyi, na kwa nini. Mimi nimeanza na Kiabonyoru, na wazee wawili tayari wamenipa hadithi mbili zisizopatana. Majibu yaletwe chamani Jumatano.