Hofu ya Wimbi Lisimamalo Wima

SWALI: Najifunza kupanda mawimbi kwa ubao hapa Malindi, lakini wimbi likisimama wima moyo hunipaa na mikono ikaganda. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, hofu hiyo si aibu, kwani ghuba ya Malindi, ambapo mwamba umekatika, hupokea mawimbi ya kusi yangali na ghadhabu yake. Lakini tafakari: aghalabu aangukaye ni yule aliyesita, kwa kuwa wimbi humwinua tezi kabla ubao haujapata mwendo, na omo ikazama. Basi ukidhani umepiga maji vya kutosha, ongeza mikono miwili mitatu, elekeza omo upande kidogo, na utazame bega la wimbi, wala si shimo lililo chini. Kuanguka nako kuna mazoezi yake: funika kichwa, tulia, kisha uibuke.