Tujue Picha Kabla ya Kuifanya Hoja

Wengi wetu tumeipokea kwenye simu picha ya nebula ya Jicho la Paka, mfano wa waridi jekundu, ikiambatanishwa na Suratur-Rahman aya ya 37. Je, ilipatikanaje?

Nebula ni wingu la gesi na vumbi lenye mwanga hafifu. Mpigaji hufunga kamera kwenye darubini, akaiacha ikusanye mwanga kwa muda mrefu. Kihisi kikubwa huchukua eneo pana la anga, ila mara nyingi hakitambui rangi: kila picha hupita kwenye kichujio chake, kisha kompyuta huitia rangi.

Ndivyo darubini ya Hubble ilivyofanya mwaka 1994, kwa mianga ya haidrojeni, oksijeni na naitrojeni. Kwa jicho, yote mitatu ni myekundu. Ilitiwa nyekundu, buluu na kijani ili gesi zitofautishwe.

Huo si udanganyifu, ni elimu. Kosa ni letu. Aya inazungumzia kupasuka kwa mbingu Siku ya Kiyama, na Suratul-Hujurat aya ya 6 inatuamuru kuhakiki habari. Qur'ani haihitaji rangi za kompyuta. Tutafakari uumbaji, lakini tuseme kweli.

Wallahu a'lam.