Kitambulisho Kikipotea, Nambari Haipotei

Mvuvi wa Gazi au Vanga anaweza kukipoteza kitambulisho baharini. Mwendeshaji bodaboda wa Ukunda anaweza kukiangusha njiani. Bila kadi hiyo, kutoa pesa kwa wakala wa M-Pesa, kufungua akaunti ya benki au kusajili laini ya simu huwa shida.

Kwa baadhi ya wakazi wa Kwale, hofu huwa kubwa zaidi. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge, waliishi miaka mingi bila kutambuliwa kuwa raia. Oktoba 2016 walifunga safari hadi Nairobi kudai haki hiyo, Serikali ikaagiza wapewe vitambulisho, nao wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Wapemba wa Kwale na Kilifi walitambuliwa mwaka 2023. Aliyeipata kadi kwa taabu hivyo, ikipotea, hudhani uraia wake umerudi mwanzo.

Sivyo. Kadi ni ushahidi wa usajili, si usajili wenyewe. Jina, nambari na alama za vidole hubaki katika kumbukumbu za Serikali ya Kitaifa. Anayepoteza kadi haombi uraia upya. Anaomba kadi nyingine yenye nambari ileile.

Hatua za kufuata

1. Kuuliza kwanza. Vitambulisho vinavyookotwa mara nyingi hupelekwa kwa chifu, kituo cha polisi au msikitini.

2. Kuripoti polisi. Aliyepotelewa huenda kituo cha polisi kilicho karibu na kupewa abstrakti. Karatasi hii pia ni kinga: mtu mwingine akikitumia kitambulisho hicho vibaya, mwenyewe ana ushahidi wa siku aliyoripoti.

3. Kwenda kwa msajili. Ombi hupelekwa ofisi ya usajili wa watu ya kaunti ndogo au Kituo cha Huduma mjini Kwale, pamoja na abstrakti na nakala ya kitambulisho kilichopotea, ikiwapo. Asiye na nakala awe angalau na nambari.

4. Kulipa ada. Mwaka 2024 ada ya kadi ya badala ilipanda kutoka shilingi 100 hadi 1,000. Malipo hupitia eCitizen, nambari ya malipo 222222. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumpa broka pesa mkononi.

5. Kutunza karatasi ya kusubiri. Mwombaji huitumia kufuatilia na kuchukua kadi yake.

Kadi inayotolewa sasa ni Maisha Kadi, yenye chipu, na hudumu miaka 10 kabla ya kuhitaji kubadilishwa.

Wageni wenye ukaazi wa kudumu

Diani na vitongoji vyake vina wakazi wengi wa kigeni. Ukaazi wao wa kudumu hutolewa chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011. Mgeni aliyepoteza kadi yake naye huripoti polisi kwanza, lakini haendi kwa msajili wa watu. Shughuli zake ziko chini ya Idara ya Uhamiaji. Kwake pia, kupotea kwa kadi peke yake hakumwondolei haki ya ukaazi.

Kujikinga mapema

Kila mkazi anashauriwa kupiga picha kitambulisho pande zote mbili, kuweka nakala nyumbani, na kuandika nambari mahali ambapo mtu wa familia anapajua. Wazee wasiosoma wasaidiwe na vijana wao kufanya hivi.

Mteja wa Safaricom aliyepotelewa na kitambulisho anaweza kupiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa nambari yake. Akikuta laini asiyoijua, aripoti mara moja, kwa kuwa deni au ulaghai utakaofanywa kwa laini hiyo utamtafuta yeye.