Wewe na Muuguzi Wako: Vidokezo 6 vya Kujenga Imani Wodini

Daktari hupita raundi akaenda zake. Anayekesha nawe ni muuguzi. Mwaka 1952, muuguzi wa Marekani, Hildegard Peplau, alieleza katika kitabu chake kwamba uhusiano wa muuguzi na mgonjwa hukua kwa hatua: wawili hukutana wakiwa wageni, huzoeana, hushirikiana, kisha huagana. Wewe au ndugu yako akilazwa, pitieni hatua hizo hivi.

1. Anza na salamu. Muulize jina lake, nawe mwambie unavyopenda kuitwa. Akishakujua kama Mama Asha, wewe si "kitanda namba saba" tena.

2. Sema kweli mapema. Taja mitishamba uliyokunywa, pombe, dawa ulizoacha njiani na zile zinazokudhuru. Baadhi ya mitishamba hugombana na dawa za hospitali. Kama ndugu wamekuzunguka na una la aibu, omba mzungumze faragha. Kutunza siri yako ni sehemu ya maadili ya kazi yake.

3. Uliza bila woga. "Sista, dawa hii ni ya nini? Nitaitumia mpaka lini?" Kuuliza si ujeuri. Naye akikuuliza jina tena kabla ya kukuchoma sindano, usikasirike: anahakikisha dawa inamfikia mwenyewe.

4. Zijue zamu. Wauguzi wanapopokezana hukabidhiana taarifa za wagonjwa, lakini jambo zito mweleze tena yule anayeingia. Mkono wenye dripu ukivimba au maumivu yakizidi, mwite muuguzi papo hapo. Wengi hunyamaza usiku kucha kwa kuogopa kusumbua, kumbe asubuhi hali imeshaharibika.

5. Ndugu, teueni msemaji mmoja. Watu sita wakiuliza swali lilelile kila mmoja kwa wakati wake, muda wa kumhudumia mgonjwa unakwisha. Msimpe uji wala maji kabla ya kuuliza, hasa akisubiri upasuaji, na dripu msiiguse.

6. Agana naye vizuri. Siku ya ruhusa, mweleze kwa maneno yako mwenyewe utakavyokunywa dawa, dalili zipi zikurudishe haraka, na tarehe ya kliniki. Ukikosea, atakusahihisha mkiwa bado pamoja. Kisha mshukuru kwa jina. Asante ya dhati inatosha. Huduma ni haki yako, hainunuliwi kwa bahasha.

Muuguzi mwema anakulea ili usimhitaji tena. Kwa hiyo usisubiri siku ya ruhusa ndipo umfahamu: kesho asubuhi zamu mpya ikiingia, tangulia wewe kusalimia.